Saa ya Babu Ina Bei Gani?

Kuhusu saa za kifahari, watu huuliza maswali mawili. La kwanza ni la mpita njia: kwa nini saa moja ya mkononi iuzwe bei ya nyumba, wakati simu ya kawaida inaonyesha wakati kwa usahihi zaidi? La pili ni la mwenye mali: mzee akiacha saa ya Uswisi kwenye kasha, familia itaiuzaje isipunjwe? Maswali haya hayatenganishiki. Anayejua bei ya saa inatoka wapi ndiye anayejua pia la kufanya, na lisilofaa kufanywa, kabla ya kumtafuta mnunuzi.

Mfano utakaofuatwa katika sura hii ni wa kubuni, ila unafanana na hali ya familia nyingi za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga. Babu wa kijiji cha Makuyuni, Korogwe, alikuwa karani katika shamba la mkonge. Alistaafu, akafariki, na ndani ya kasha lake ikakutwa saa ya kutia ufunguo. Kioo kimechubuka, ukanda umekatika, na chini kabisa ya uso wa saa pana maandishi madogo ya Kiingereza, Swiss Made, yaani imetengenezwa Uswisi. Mjukuu mmoja anataka ipelekwe kwa sonara ikayeyushwe. Mwingine amesikia kwamba saa za Uswisi huuzwa kwa mamilioni. Wote wawili wanaweza kukosea.

Saa ilivyofika Korogwe

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, chini ya Wajerumani. Treni ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliingiza mkonge nchini. Kati ya miche aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai, na kutokana na hiyo yakaota mashamba yaliyokuja kuijaza Tanga yote.

Reli na mkonge ni kazi zinazotaka saa. Mkulima wa mahindi hupima siku yake kwa jua, na mswalihina kwa adhana, lakini treni mbili zinazotumia njia moja hazina budi kupishana stesheni kwa dakika iliyopangwa. Kiwandani mashine ya kukamua mkonge huwashwa kwa wakati mmoja na watu wote wawe wamefika. Stesheni masta, karani na msimamizi wa shamba wakawa miongoni mwa watu wa mwanzo bara kuhitaji saa ya mfukoni au ya mkononi kwa ajili ya kazi.

Watu hao waliisoma saa kwa hesabu yao wenyewe. Akrabu, yaani mshale wa saa, ikisimama kwenye 7, ni saa moja asubuhi, na ikisimama kwenye 12 wakati wa jua la utosini, ni saa sita. Hakuna aliyehitaji kubadilisha uso wa saa. Jicho lilizoea kuangalia namba iliyo mkabala, na mpaka leo ndivyo wengi wanavyosoma.

Mwambaoni saa ilikuwa pia alama ya dola. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883 enzi ya Sultani Seyyid Barghash, lilikuja kuwa na mnara wa saa ulioonekana kutoka baharini. Mnara huo uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na sehemu ya jumba. Ilikuwa hasara kubwa kwa Zanzibar, na kwa yeyote anayethamini historia ya mwambao.

Kwa nini Uswisi

Uswisi haina dhahabu nyingi wala bahari. Sifa yake katika saa imetokana na sheria za dini, wakimbizi na theluji.

Mwaka 1541 mhubiri Jean Calvin alirejea Geneva na kuanza kuuongoza mji kwa maadili makali ya Kiprotestanti. Mapambo ya dhahabu na vito yakapigwa vita, na masonara wakakosa kazi. Saa iliponea kwa sababu ilikuwa na matumizi. Katika miaka hiyohiyo Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya kidini walikuwa wakiingia Geneva, na miongoni mwao walikuwamo mafundi saa. Sonara aliyejua kuchonga dhahabu akakutana na mkimbizi aliyejua kuunda mashine. Mwaka 1601 mafundi wa Geneva walikuwa tayari na chama chao, kikiwa na masharti ya uanagenzi, yaani miaka ambayo kijana hujifunza chini ya fundi mkuu kabla ya kuruhusiwa kusimama peke yake.

Nje ya Geneva, katika milima ya Jura, hadithi ni nyingine. Huko theluji hufunga mashamba kwa miezi, na wakulima walitafuta kazi ya kufanya ndani ya nyumba. Daniel JeanRichard, aliyefariki mwaka 1741, anakumbukwa kwa kuieneza kazi ya saa katika eneo la Le Locle. Utaratibu ulikuwa wa kugawana: nyumba hii inachonga magurudumu, ile inatengeneza misumari, nyingine inapaka rangi nyuso za saa, na mfanyabiashara anakusanya vipande na kumpa fundi wa kuviunganisha. Mji jirani wa La Chaux-de-Fonds uliungua mwaka 1794, na ulipojengwa upya barabara zake zilinyooshwa sambamba, majengo yakipangwa ili mwanga wa jua uingie kwenye madirisha ya karakana. Kwa ajili ya historia hiyo UNESCO iliingiza La Chaux-de-Fonds na Le Locle katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2009, orodha ambayo Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa mwaka 2000. Mwaka 2020 ufundi wenyewe wa saa za mashine, wa Uswisi na Ufaransa, uliongezwa kwenye orodha ya urithi usioshikika.

Majina yanayotajwa sana, na miaka yalipoanza, ni haya:

- Blancpain, Villeret, 1735
- Vacheron Constantin, Geneva, 1755
- Longines, Saint-Imier, 1832
- Patek Philippe, Geneva, 1839
- Omega, La Chaux-de-Fonds, 1848
- Audemars Piguet, Le Brassus, 1875
- Rolex, London, 1905, na baadaye Geneva

Rolex ilianzishwa na Hans Wilsdorf, mzaliwa wa Bavaria nchini Ujerumani. Wakati huo saa ya mkononi ilionekana kuwa pambo la wanawake, na wengi waliamini haiwezi kuvumilia vumbi na maji. Mwaka 1926 kampuni ilitoa kasha la saa lililofungwa kwa kuzungushwa, likazuia maji kuingia. Mwaka 1931 ikaongeza kipande kinachozunguka ndani kila mvaaji anapotikisa mkono, kikiijaza springi chenyewe. Kwa nchi ya joto, vumbi na mvua, kasha hilo lilikuwa na maana kuliko dhahabu yoyote.

Lakini Uswisi haikutengeneza saa za matajiri peke yake. Mwaka 1867 Georges Frédéric Roskopf alileta saa iliyolengwa kwa wafanyakazi, ya bei ya faranga 20, yenye vipande vichache na kasha la metali ya kawaida. Saa za mtindo wake na za kurahisishwa kama zake zilitengenezwa kwa mamilioni kwa miongo mingi. Familia ya Makuyuni inapaswa kuijua habari hii mapema, maana saa ya karani inaweza kabisa kuwa ya aina hiyo. Itakuwa ya Uswisi kweli, itakuwa na umri, na bado haitakuwa na bei kubwa.

Ndani ya mashine

Mafundi saa wa Tanzania huita "mashine" sehemu yote iliyo chini ya uso wa saa. Saa ya kutia ufunguo haina betri. Mtu anapozungusha kifundo cha pembeni, anakunja springi ndefu nyembamba iliyofungwa ndani ya ngoma ndogo. Springi hiyo inataka kujikunjua, na nguvu yake hupita kwenye magurudumu yenye meno mpaka kwenye mishale.

Kama hakuna kinachoizuia, itafunguka yote kwa muda mfupi na mishale itazunguka ovyo. Kazi ya kuizuia hufanywa na vipande viwili. Cha kwanza kina umbo la uma mdogo, na hufunga na kufungua gurudumu la mwisho jino moja kwa wakati. Cha pili ni gurudumu linalopembea kwenda na kurudi, likishikwa na springi nyembamba mithili ya unywele. Mlio wa "tik tik" unaosikika ni wa uma huo ukigonga meno. Katika saa nyingi za zamani gurudumu hupiga mara 18,000 kwa saa moja, sawa na mara 5 kwa sekunde. Nyingi za siku hizi hupiga mara 28,800, sawa na mara 8 kwa sekunde, usiku na mchana.

Ncha za ekseli za magurudumu zikizunguka kwa kasi hiyo zingekula metali, kwa hiyo huwekwa kwenye vitundu vya rubi, jiwe gumu jekundu ambalo kwa kazi hii hutengenezwa kiwandani. Ndiyo maana ya maandishi kama "17 Rubis" kwenye saa za zamani. Rubi hizo hazina thamani ya kito, na anayemwambia mnunuzi kwamba saa "ina vito 17 ndani" anapotosha.

Mashine rahisi huwa na vipande zaidi ya 100. Kinachotofautisha saa ya kawaida na saa bora ni namna vipande hivyo vilivyomalizwa. Katika karakana nzuri, fundi hushika kijisahani cha metali kisichozidi ukucha, akakata kingo zake kwa mshazari, akazisugua kwa mkono mpaka zing'ae kama kioo, halafu akachora mistari sambamba juu yake. Sahani hiyo itafunikwa, na mwenye saa anaweza kufa bila kuiona. Itaonwa na fundi mwenzake, miaka 30 au 80 baadaye, atakapofungua kifuniko ili kuisafisha. Kazi ya aina hii hula siku nyingi za watu wachache wanaoijua, na hapo ndipo bei inapoanzia.

Usahihi nao hupimwa. Taasisi ya Uswisi iitwayo COSC, iliyoanzishwa mwaka 1973, huzijaribu mashine kwa siku 15, zikiwa zimelazwa na kusimamishwa kwa namna tofauti na katika viwango tofauti vya joto. Inayofaulu haipaswi kuchelewa zaidi ya sekunde 4 wala kuwahi zaidi ya sekunde 6 kwa siku, kwa wastani. Siku ina sekunde 86,400, na kazi yote hiyo inafanywa na springi na meno.

Pigo la mwaka 1969

Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza Astron, saa ya mkononi inayotumia betri na kipande cha kwatsi. Kwatsi ni madini ambayo yakipitishiwa umeme hutetemeka kwa kasi isiyobadilika, na katika saa za leo ni mara 32,768 kwa sekunde. Saa ya kwatsi ya bei ndogo huishinda kwa usahihi saa ya mashine iliyotengenezwa kwa miezi.

Uswisi iliumia. Watu waliofanya kazi ya saa walikuwa karibu 90,000 mwaka 1970, na katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama theluthi moja. Viwanda vilifungwa, zana zikauzwa kama chuma chakavu. Ahueni ilitoka pande mbili: saa ya plastiki ya Swatch, iliyozinduliwa mwaka 1983, na uamuzi wa kampuni za juu kuacha kushindana kwa usahihi au kwa bei. Zilianza kuuza ufundi na historia.

Hapa ndipo jibu la swali la simu lilipo. Anayetoa mamilioni kwa saa ya mashine hanunui wakati. Ananunua kazi ya mikono isiyopatikana kwingi, kitu kinachoweza kutengenezeka tena na tena kwa miaka 100, na kumbukumbu inayoweza kuthibitishwa. Neno la mwisho, kuthibitishwa, ndilo muhimu kwa muuzaji.

Bei hujengwa na nini

Mfano mzuri uko Oman, nchi yenye Waswahili wengi waliohamia kutoka Zanzibar. Sultani Qaboos bin Said, aliyeshika madaraka tarehe 23 Julai 1970, alikuwa akiagiza saa za Uswisi, zikiwamo Rolex, nyingi kupitia duka la Asprey la London, na kuzitoa zawadi kwa maofisa na watumishi. Baadhi zilichorwa usoni nembo ya Oman: jambia juu ya panga mbili zilizopishana. Leo saa yenye jambia hilo huuzwa kwa bei ya juu sana kuliko saa ya aina ileile isiyo na nembo. Mashine ni moja, kasha ni moja, na tofauti yote inatokana na mchoro mdogo unaoonyesha nani alitoa na nani alipewa. Mwenye saa kama hiyo akimpa fundi afute nembo "ili iwe safi", amefuta sehemu kubwa ya thamani yake.

Mfano wa pili ni maarufu duniani. Mwigizaji wa Marekani Paul Newman alipewa na mkewe saa ya Rolex Daytona yenye maneno nyuma yanayomsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Tarehe 26 Oktoba 2017, kampuni ya mnada ya Phillips iliiuza New York kwa dola milioni 17.75. Saa hiyo haikuwa ya dhahabu, ilikuwa ya chuma. Maneno ya mke, picha za Newman akiwa ameivaa na ushahidi wa ilikopitia ndivyo vilivyolipiwa.

Upande wa ufundi mtupu, saa ya mfukoni ambayo Patek Philippe ilimtengenezea tajiri wa Marekani Henry Graves, ikakabidhiwa mwaka 1933 ikiwa na kazi 24 tofauti zaidi ya kuonyesha saa, iliuzwa Geneva mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 24.

Na kuna onyo. Mwaka 2021 saa ya Omega Speedmaster iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka 2023 Omega yenyewe ilitangaza kwamba saa hiyo iliunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali. Vipande vinaweza kuwa halali kimoja kimoja, na saa nzima ikawa ya uongo.

Kwa kifupi, bei ya saa ya zamani husimama juu ya jina la aliyeitengeneza, uchache wake, uhalisia wa kila kipande, na ushahidi wa ilikopita. Dhahabu huja nyuma ya hayo.

Kabla ya kuuza: mambo ya kuacha

Kosa la kwanza ni kuing'arisha. Mnunuzi mzoefu hutazama pembe za kasha. Pembe zilizo kali zinaonyesha kuwa kasha halijawahi kusuguliwa, na zilizoviringika zinaonyesha kuwa metali imeliwa na haitarudi. Nyuzi za mkonge, zao la Korogwe na Handeni lenyewe, hutumika viwandani kutengenezea magurudumu ya kusugulia na kung'arisha metali, na saa ya babu haistahili kupita huko. Mikwaruzo ya miaka 50 ina thamani kuliko mng'ao wa juzi.

Kosa la pili ni kupaka upya uso wa saa. Uso uliofifia na kuwa wa kahawia kwa jua na unyevu unapendwa na wakusanyaji, na uliopakwa upya hushusha bei vibaya. Hatari iko hapohapo: saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 kuisha, ambazo namba zake ziling'aa gizani, zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi. Mng'ao hufa baada ya miaka, lakini mionzi inabaki. Uso wa namna hiyo usikwanguliwe wala kupulizwa, na watoto wasipewe saa hiyo kuchezea.

Kosa la tatu ni kuipeleka kwa sonara moja kwa moja. Sonara hununua kwa uzito. Alama ya 750 ndani ya kasha ina maana ya dhahabu sehemu 750 kati ya 1,000, inayoitwa karati 18, na 585 ni karati 14. Kasha likiyeyushwa, mashine, uso na historia vimekwenda. Kama saa ni ya jina kubwa, hasara hiyo haina fidia. Hata hivyo kuna kasha la dhahabu la kampuni isiyojulikana ambalo kweli halina thamani zaidi ya dhahabu yake, na jambo hilo lisemwe na mtaalamu wa saa kabla moto haujawashwa.

Kuitambua

Kazi ya kwanza ya maana ni kumpa fundi saa anayeaminika afungue kifuniko cha nyuma, mwenye saa akiwa amekaa hapohapo. Fundi asisafishe wala kubadilisha kitu. Kinachotakiwa ni kuona na kupiga picha:

- jina lililo kwenye uso, kwenye mashine na ndani ya kifuniko, na kama yanalingana
- namba zilizochongwa kwenye mashine na kwenye kasha
- alama za dhahabu au fedha, kama zipo
- dalili za kutu, na skrubu ambazo vichwa vyake vimeharibiwa na bisibisi

Namba hizo ndizo ufunguo wa kumbukumbu za kiwandani. Patek Philippe na Longines, kwa mfano, zimetunza daftari za saa zilizotoka karakana zao, na mwenye saa anaweza kuomba taarifa ya lini saa yake ilitengenezwa. Karatasi moja ya aina hiyo ina uzito kuliko maelezo ya wazee kumi. Risiti ya zamani, kasha la duka, picha ya babu akiwa ameivaa kazini, barua ya pongezi ya shamba: vyote vihifadhiwe pamoja na saa.

Saa feki hujionyesha kwa mambo madogo. Maandishi ya uso hayana kingo safi. Namba imechorwa kwa kina kisicho sawa. Kwa miongo mingi Rolex haikuwa na desturi ya kuweka kioo nyuma ya saa, hivyo Rolex ya zamani yenye mgongo wa kioo itiliwe shaka. Kioo kidogo cha kukuzia tarehe katika Rolex halisi hukuza mara 2.5, na katika nyingi za kuiga tarehe inabaki ndogo. Mshale wa sekunde unaoruka mara moja kila sekunde mara nyingi ni dalili ya betri, ingawa kampuni za Uswisi nazo zimetengeneza saa halali za kwatsi, kwa hiyo dalili hiyo peke yake haitoshi kutoa hukumu.

Mahali pa kuuza

Makuyuni haina soko la saa za kifahari, na dalali anayefika kijijini na fedha taslimu ana sababu za kuwa na haraka. Njia zilizopo ni tatu, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kumuuzia mfanyabiashara wa saa au vito mjini, Tanga, Dar es Salaam au Nairobi. Hulipa haraka, lakini hulipa chini ya bei ya dukani, maana ataitengeneza, ataitunza na kumsubiri mnunuzi. Hiyo ni haki yake. Kisichokuwa haki ni kutaja bei bila kuifungua saa. Familia ipate bei za watu wawili au watatu kabla ya kukubali.

Ya pili ni mnada wa kimataifa. Christie's, Sotheby's, Phillips na Antiquorum, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1974, hupokea picha na kutoa makadirio kabla saa haijasafirishwa. Muuzaji aulize ada zote kwa maandishi: kamisheni, bima, picha na usafiri. Aulize pia bei ya chini, yaani kiwango ambacho saa haitauzwa chini yake, na kama atalipishwa pale isipouzwa. Njia hii inafaa kwa saa ya thamani kubwa tu. Kwa saa ya kawaida, gharama zitameza mapato.

Ya tatu ni kumuuzia mkusanyaji mwenyewe. Bei inaweza kuwa nzuri kuliko zote, na utapeli nao ni mwingi kuliko kwingine. Saa isitumwe kabla ya fedha kuingia. Ujumbe wa simu unaodai fedha imetumwa hautoshi, muuzaji aangalie salio lake mwenyewe. Kwa kiasi kikubwa, makabidhiano yafanyike ndani ya benki. Saa ikitoka nje ya nchi itangazwe forodhani, na ikiwa na ukanda wa ngozi ya mamba ukanda huo uvuliwe, kwa sababu biashara ya ngozi hiyo kuvuka mipaka hutaka kibali.

Karatasi za familia

Saa ya marehemu ni mirathi. Haiuzwi na mjukuu aliyeikuta kasha likiwa wazi. Kwa kawaida ukoo hukaa kikao, muhtasari ukaandikwa, na jina la msimamizi wa mirathi likapelekwa Mahakama ya Mwanzo ili mahakama imteue. Msimamizi ndiye mwenye mamlaka ya kuuza. Mnunuzi makini wa nje naye ataomba ushahidi huo, kwa sababu zipo orodha za kimataifa za saa zilizoibwa, nazo hutafutwa kwa namba ya saa, na hakuna kampuni ya mnada yenye heshima itakayopokea saa isiyojulikana mwenyewe.

Hati ya mauziano iandike jina la saa, namba za kasha na za mashine, bei, tarehe, majina ya pande mbili na mashahidi, na ibaki nakala kwa kila upande. Fundi akikuta kwamba saa ni ya kawaida, kama nyingi zitakavyokuwa, ni busara kuitengeneza kwa gharama ndogo na kumkabidhi mrithi mmoja aivae kuliko kumpa dalali kwa bei ya ukanda. Kwa vyovyote vile, msimamizi huiingiza katika hesabu anayoiwasilisha mahakamani: iliyouzwa huandikwa kwa fedha iliyopatikana na mgawo wake, na isiyouzwa huandikwa kwa jina la aliyeipokea.